Tai juu ya Mkolani: tunahesabu nini hasa?

Mvua za vuli zikikaribia Mwanza, kauli mbili hugongana. Ya kwanza ni ya wataalamu: ndege wakubwa wawindaji, yaani tai, mwewe, kipanga, kozi na jamaa zao, wanapungua Afrika kwa kasi ya kutisha. Ya pili ni ya mtu yeyote mwenye macho: mbona anga la Mwanza limejaa mwewe? Panda mawe ya Mkolani, kusini mwa jiji, saa nne asubuhi jua likiwa limeshapasha miamba. Utawaona ishirini, thelathini, wanazunguka bila kupiga bawa, wanapanda taratibu kama moshi wa jiko siku isiyo na upepo. Mwananchi aliyesikia redioni kwamba ndege hawa wanakwisha ana haki ya kuuliza nani anasema kweli.

Katika kutoelewana huko huzaliwa pendekezo linaloonekana jepesi. Weka watu mlimani na darubini, wahesabu kila ndege apitaye msimu wa uhamaji, kama wanavyofanya Georgia, Israeli na Marekani, tupate namba yetu wenyewe. Wapo wanaoliunga mkono kwa moyo wote. Wapo wanaosema fedha hizo ziende kwenye magari ya kuhesabia barabarani, au kwenye vifaa vya setilaiti. Na wapo wanaosema tuache kuhesabu, tuwaokoe ndege waliobaki. Kila upande una hoja, na kila upande hunyamazia udhaifu wake. Mlima wa Mkolani unaweza kutoa hesabu ya thamani kubwa, ila si ile ambayo wengi wanaitarajia.

Mwenyeji na mgeni wamevaa nguo moja

Tuanze na mwewe, kwa sababu ndiye anayeharibu hesabu kabla haijaanza. Mwewe wengi tunaowaona Mwanza ni wa Afrika, wenye mdomo wa njano. Wanaishi kwa mabaki yetu: utumbo wa samaki, dagaa walioanikwa, jalala, panya. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ni meza yao ya kila siku. Mwenzao wa Ulaya na Asia, mwenye mdomo mweusi, huja Afrika kukwepa baridi ya kwao na kuchanganyika nao. Mwili ni ule ule wa kahawia, mkia ni ule ule wenye panda. Tofauti iko mdomoni, na mwewe akiwa mita mia tano juu ya kichwa chako mdomo hauonekani. Tena kinda la mwewe wa Afrika nalo lina mdomo mweusi. Na huyo mwewe wa Afrika si mkaaji wa kudumu kama tunavyomdhania, maana wengine husafiri ndani ya bara kufuata mvua.

Kwa hiyo msemo kwamba mwewe wamejaa haupingani na habari kwamba tai wanakwisha. Wingi wa mwewe jijini unatueleza habari za taka na mabaki ya samaki. Hautuambii lolote kuhusu tai anayehitaji mbuga yenye swala wadogo, sungura na mti mkubwa wa kujengea kiota. Jiji likisafishwa vizuri mwewe watapungua, na itakuwa habari njema ya usafi, isihesabiwe kuwa msiba wa uhifadhi.

Majina nayo yanachangia. Kiswahili hakina umaskini wa majina ya ndege hawa, ila matumizi yake mtaani hayana mpaka. Tai ni jina la yule anayewinda mwenyewe na pia la yule anayengoja mzoga, ambaye wengine humwita tumbusi. Kipanga na kozi hubadilishana nafasi kutoka mji hadi mji. Furukombe, yule mwenye kichwa na kifua cheupe ambaye mlio wake husikika ufukoni, wengine humwita kwazi. Na kongoti, ambaye si mwindaji wa jamii hii kabisa, hupanda hewani katika duara moja na mwewe, naye mtu asiyezoea akimwona kwa mbali anamwandika tai. Daftari linaloandika "tai 60" bila kusema tai gani haliwezi kulinganishwa na daftari la mwaka unaofuata. Kosa hili si dogo. Tai wa nyika za Asia ya Kati, Aquila nipalensis, aliwekwa mwaka 2015 katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka huo huo tumbusi wa aina kadhaa wa Afrika waliwekwa daraja la hatari kubwa zaidi. Kuwaandika kwa jina moja na jirani zao ni kuwapoteza mara ya pili.

Kinachowaleta na kinachowapitisha

Ndege mzito haendi mbali kwa kupiga mabawa. Nguvu ingemwishia kabla ya kuvuka nchi moja. Husafiri kwa kupanda hewa moto: jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa, hewa hiyo hunyanyuka, naye huingia ndani yake na kuzunguka hadi juu kabisa, kisha huteleza kilomita kadhaa kushuka kuelekea anakokwenda, akatafute hewa nyingine. Juu ya maji mengi hewa ya namna hiyo ni haba mno. Ndiyo maana ndege hawa huogopa bahari, na ndiyo maana hukusanyika penye daraja la nchi kavu au mlango mwembamba wa bahari.

Batumi, Georgia, ni mfano safi. Bahari Nyeusi iko upande mmoja, milima ya Caucasus upande wa pili, na ndege wa eneo kubwa la Urusi na Ulaya ya Mashariki hulazimika kupita katikati. Kituo cha kuhesabu kilianza hapo mwaka 2008, na kila majira ya kupukutika majani hupita zaidi ya ndege milioni moja. Huku kwetu mfano wa karibu zaidi ni Bab-el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu kati ya Yemen na Djibouti, wenye upana wa kilomita zisizozidi thelathini na kidogo. Mwaka 1987 waangalizi waliokaa upande wa Djibouti walihesabu karibu ndege robo milioni wakiingia Afrika, wengi wao wakiwa tai wa nyika na jamaa yao aitwaye shakivale.

Sasa ndege hao robo milioni waliingia halafu wakaenda wapi? Jibu ndilo linaloamua kama Mkolani inaweza kuwa Batumi. Walitawanyika. Mlango wa bahari huwakusanya kwa siku chache. Wakishauvuka, mbele yao kuna Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania hadi Afrika Kusini, nchi kavu tupu, jua kila siku, hewa moto kila kilima. Hakuna kinachowabana tena. Ni kweli Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, huwafanya ndege wazito waambae pembeni. Lakini pembeni mwa ziwa ni pana. Upande wa mashariki wa Mwanza hakuna ukuta wa milima wa kuwasukuma juu ya Nyamagana, wilaya ilipo Mkolani. Kutoka Mkolani hadi Serengeti na zaidi, tai anaweza kupita popote apendapo.

Kisha kuna chakula. Mvua ya kwanza ikinyesha, vichuguu hufunguka na kumbikumbi hutoka kwa maelfu. Watoto na kuku hawako peke yao katika kuwakimbilia. Tai wa nyika, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hukaribia mita mbili, hutua chini na kutembea kwa miguu akidonoa kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku. Ndege mwenye kucha za kubeba sungura anashiba kwa wadudu wenye uzito wa punje. Kozi wa Amur, mdogo na mwepesi, huwakamata hewani. Huyu huzaliana kaskazini mwa China na mashariki mwa Urusi, hupita India, kisha huvuka Bahari ya Hindi bila kutua ili afike Afrika Mashariki Novemba na Desemba.

Msafara huu basi hufuata mvua. Vuli ikinyesha vizuri Shinyanga na kuchelewa Mwanza, ndege watakuwa Shinyanga. Mwaka unaofuata mambo yatageuka. Mhesabu aliyekaa Mkolani ataandika kwamba ndege wamepungua nusu, kisha wameongezeka maradufu, ilhali idadi yao duniani haikubadilika. Alichopima kilikuwa mvua.

Mlima: nguvu yake iko wapi

Wanaotetea kituo cha mlimani wana ushahidi mmoja mzito ambao wapinzani wao hawaujibu vizuri. Mwaka 1934 huko Pennsylvania, Marekani, mwanamke aitwaye Rosalie Edge aliukodi, kisha akaununua, mlima ambao wawindaji walikuwa wakiutumia kuua ndege wahamaji kwa mamia. Aliufanya hifadhi, akamweka Maurice Broun awe mlinzi. Broun alihesabu kwa miaka mingi. Mlima huo, Hawk Mountain, unaendelea kuhesabiwa hadi leo.

Thamani ya daftari lake haikutokana na jumla. Broun aliandika umri wa tai pia. Mwaka 1935 hadi 1939, tai wenye upara aliowaona wakipita, asilimia 40 walikuwa vijana wa mwaka mmoja. Kufikia 1955 hadi 1959 vijana walikuwa asilimia 20 tu. Tai wazima waliendelea kupita, kwa hiyo mtu wa kawaida angesema hakuna tatizo, mbona tai wapo. Vijana ndio waliokuwa hawazaliwi. Rachel Carson aliitumia hesabu hiyo katika kitabu chake cha 1962 kuhusu sumu za mashambani, na baadaye ikathibitika kwamba DDT ilifanya maganda ya mayai kuwa membamba hata yakavunjika chini ya mama. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972.

Hapo ndipo wengi wanapopotea wanapoutaja mlima huo. Wanachukua fundisho la darubini na kuliacha la uwiano. Jumla ya ndege hupanda na kushuka kwa mvua, upepo, mawingu na uchovu wa mhesabu. Uwiano wa vijana kwa wazima hauyumbi kiasi hicho, kwa sababu mvua iliyowapeleka Shinyanga imewapeleka wote kwa pamoja, au karibu wote.

Afrika Mashariki ina mfano wake pia, ingawa ni wa ndege wadogo. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ni hoteli iliyo kwenye ukingo wa mlima. Usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa zake huwavuta chini ndege wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia. Tangu 1969 watafiti hukaa pale, huwakamata kwa nyavu, huwafunga pete miguuni na kuwaachia. Wamewafunga pete mamia ya maelfu. Ngulia inafaa kwa sababu kuna taa na ukungu vinavyokutana mahali pamoja, na kwa sababu watu walirudi pale pale, msimu ule ule, kwa zaidi ya miaka hamsini. Mlima wenyewe ungekuwa na urefu wowote.

Udhaifu wa Mkolani uko wazi. Hakuna mlango mwembamba. Ndege wengi hawapiti hapo kwa safari, wamekuja kukaa msimu mzima. Tuseme mwewe thelathini wanaishi kati ya Nyegezi na Buhongwa, na kila mmoja anazunguka juu ya mlima mara nane kwa siku. Jioni daftari litakuwa na ndege 240, wote halali, na 210 kati yao ni marudio. Batumi hawana shida hii kwa sababu ndege aliyeelekea kusini asubuhi harudi mchana. Halafu kuna ziwa. Kwenye ufuko wa maji makubwa, mchana upepo wa ziwani huingiza hewa baridi nchi kavu na kuisukuma hewa moto ndani zaidi. Wale waliokuwa juu ya mlima saa nne wanaweza kuwa kilomita kumi mashariki saa nane. Anayehesabu asubuhi na anayehesabu mchana watabishana hadi usiku, na wote watakuwa sahihi.

Barabara: hesabu iliyotushtua

Habari zinazoleta hofu hazikutoka milimani. Zilitoka kwenye madirisha ya magari. Njia ni nyepesi kuieleza: endesha taratibu kwenye barabara ileile, andika kila ndege mwindaji unayemwona, kisha gawanya kwa kilomita. Rudia baada ya miaka. Kenya ilikuwa na safari za namna hiyo za miaka ya 1970, na watafiti walipozilinganisha na safari za 2003 hadi 2020, aina 19 kati ya 22 walizozipima zilikuwa zimepungua. Januari 2024 jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha kazi pana zaidi iliyoongozwa na Phil Shaw na Darcy Ogada, iliyounganisha hesabu za barabarani za Afrika Magharibi, Kati, Mashariki na Kusini. Kati ya aina 42, asilimia 88 zilikuwa zimeshuka. Tena kushuka kulikuwa kukali zaidi nje ya hifadhi kuliko ndani.

Tanzania haikuwa na msururu wa safari za barabarani wa kulinganishwa humo. Tuna kitu kingine cha thamani: kazi ya atlasi ya ndege iliyokusanya kumbukumbu za nchi nzima tangu miaka ya 1980 kwa jasho la watu wachache na mchango wa wengi. Atlasi husema vizuri ndege yupo wapi na mwezi gani. Husema kwa shida kama wamepungua, kwa sababu mtu aliyemwona tai humwandika, na aliyezunguka siku nzima bila kumwona mara nyingi haandiki kitu. Kumbukumbu pia hurundikana wanakopita watalii. Serengeti ina kumbukumbu tele. Kwimba na Misungwi zina chache.

Barabara ina hila zake. Barabara ya 1975 ilikuwa ya vumbi, gari moja kwa saa, miti pembeni. Leo ni lami, malori, nyumba, nguzo za umeme. Nguzo humpa ndege mahali pa kukaa aonekane, kwa hiyo zinaweza kuficha upungufu. Zinaweza pia kumuua, na tai wa nyika ni miongoni mwa wanaouawa sana na umeme katika njia yao yote. Ndege wa barabarani ni wa barabarani. Haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba yaliyo mita mia tano kutoka lami ni yale yale ya kilomita ishirini ndani. Na gari, dereva na mafuta vinagharimu kuliko mtu mmoja na mwavuli juu ya jiwe. Hata hivyo barabara ina sifa moja ambayo mlima hauna: inapita mahali pengi, hivyo mvua ikihama kutoka Mwanza kwenda Magu, safari bado inaikuta.

Kifaa mgongoni

Setilaiti nitazipitia kwa haraka, kwa sababu zinajibu swali tofauti. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kozi wa Amur walikuwa wakinaswa kwa wingi mno Nagaland, India, wakiwa safarini kuja kwetu. Mwaka uliofuata watatu walifungwa vifaa vidogo mgongoni, wakapewa majina Naga, Wokha na Pangti, na wanavijiji waliokuwa wakiwanasa wakaanza kufuatilia safari yao hadi Afrika. Unasaji wenyewe ulikuwa umekoma msimu huo huo. Hesabu yoyote ya mlimani isingewaonyesha safari hiyo.

Ila ndege watatu ni watatu. Kifaa hukueleza mmoja amekwenda wapi na amefia wapi, hakikuelezi wamebaki wangapi. Gharama nazo ni za ajabu. Mwaka 2019 watafiti wa Urusi walijikuta na bili kubwa ya simu baada ya tai wao wa nyika aitwaye Min kukaa mahali pasipo na mtandao, kisha kuingia Iran na kutuma kwa mpigo ujumbe wote uliolimbikizwa, kwa bei ya nje ya nchi. Ilibidi waombe wananchi wachange. Kituo cha Mwanza kinachoanza na daftari hakipaswi kuanzia huko.

Wanaosema tuache kuhesabu

Kundi hili mara nyingi hupuuzwa, na si haki. Wanasema sababu zinajulikana tayari. Mfugaji anayepoteza ng'ombe kwa simba hutia sumu mzoga, na tumbusi kwa makumi hufa kwenye mzoga mmoja. Kwelea kwelea wakivamia mpunga na mtama, ndege ya serikali hunyunyizia fenthion makundi yao, na mwindaji anayeokota kwelea aliyedondoka hula sumu pamoja naye. Nyaya za umeme zinaua. Miti ya viota inageuzwa mkaa. Ya nini kukaa juu ya jiwe miaka ishirini ili uthibitishe kinachoonekana?

Nguvu ya hoja hii ni ya kweli. Kila shilingi ya darubini ni shilingi ambayo haikwenda kwenye kifuniko cha waya wa umeme wala kwenye fidia ya ng'ombe. Lakini inasahau jambo moja. Mkulima wa mpunga Magu ana haki ya kulinda shamba lake, na kwelea hasubiri utafiti. Ukimwendea mhusika na kumwambia apunguze kunyunyizia, atauliza hasara ni kiasi gani, kwa ndege yupi, na ilianza lini. Bila namba ya hapa unamletea namba ya Kenya, naye ataikataa kwa sababu ya haki kabisa kwamba Kenya si Magu. Pia bila hesabu hatutajua kama dawa tuliyoichagua imefanya kazi.

Na kushuka kwa polepole ni adui asiyeonekana kwa macho. Idadi ikipungua asilimia 3 kila mwaka, hakuna atakayeiona. Baada ya miaka 10, kati ya ndege 100 wamebaki 74. Baada ya 20 wamebaki 54. Kijana aliyezaliwa katikati ya kipindi hicho atadhani idadi aliyoikuta ndiyo ya kawaida.

Mizani

Nikiziweka njia hizi pamoja, naona kosa kubwa liko katika kuzishindanisha kana kwamba zinajibu swali moja. Swali la jumla, ni wangapi wanaingia Afrika, linajibiwa Bab-el-Mandeb na kwenye daraja la nchi kavu la Suez, si Mwanza. Swali la kupungua kwa wale wanaokaa kwetu linajibiwa barabarani. Swali la nani anafia wapi linajibiwa na setilaiti. Mlima wa Mkolani hauna jibu kwa lolote kati ya hayo matatu, na anayeomba fedha kwa kuahidi kwamba litapatikana anawadanganya wafadhili na kuwavunja moyo wahesabu watakaokuja kugundua baada ya miaka mitano.

Mlima huo unaweza kujibu mawili mengine. La kwanza ni tarehe: tai wa kwanza wa nyika ameonekana lini, kozi wa Amur wamefika wiki gani, wamerudi kaskazini lini kati ya Februari na Aprili, na mvua ilikuwaje siku hizo. La pili ni uwiano. Tai kijana wa nyika ana ukanda mpana mweupe chini ya bawa, unaoonekana vizuri akiwa juu ya kichwa, na mtu huweza kufundishwa kuutambua kwa siku chache. Akizidi kuadimika mwaka baada ya mwaka huku wazima wakiendelea kuonekana, tutakuwa tumepata onyo lile lile alilolipata Broun, kwa gharama ya daftari na kalamu. Tahadhari moja lazima iandikwe kwenye jalada: vijana huelekea kusini zaidi ya wazima, kwa hiyo uwiano wa Mkolani ulinganishwe na wa Mkolani tu, usilinganishwe na wa Ethiopia.

Ili namba hizo ziwe na maana, kanuni ni chache na hazina huruma. Saa zile zile, tuseme saa tatu hadi saa sita, kabla upepo wa ziwani haujavuruga hewa. Siku zile zile za wiki. Jiwe lile lile. Ndege wasihesabiwe wakiwa kwenye duara, ambapo hupishana na kuchanganya macho. Wangojewe wafike juu na kuanza kuteleza mmoja nyuma ya mwingine, hapo ndipo wahesabiwe. Mwewe wahesabiwe kando, mara moja kila nusu saa, kwa kuandika walio angani wakati huo tu, wasijumlishwe kama wapitaji. Asiyetambulika aandikwe hivyo. Saa ambayo haikuwa na tai iandikwe sifuri, na siku ya mvua ambayo watu hawakupanda iachwe wazi, kwa maana sifuri na wazi ni vitu viwili tofauti.

Mlima huo uunganishwe na barabara moja. Bahati nzuri Mwanza inayo, ya Musoma: Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, hadi lango la Ndabaka la Serengeti, chini ya kilomita 150. Inaanzia katikati ya jiji, inapita mashamba ya mpunga na pamba, inaishia kwenye hifadhi. Hali tatu za nchi ziko kwenye lami moja. Kama utafiti wa 2024 uko sahihi kwamba ndege hawa wanazidi kutegemea hifadhi, safari mbili kwa mwaka kwenye barabara hii zitaonyesha hivyo mapema kuliko mlima wowote. Chuo cha wanyamapori cha Pasiansi kiko hapo hapo jijini na kinafundisha askari wa hifadhi, ambao watahitaji ujuzi huu kazini. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, ina uzoefu wa sensa zao. Hakuna haja ya kuanzisha taasisi mpya.

Gharama iliyobaki ni ya uvumilivu, na hiyo ndiyo ngumu. Mradi wa miaka mitatu haufai kitu hapa, kwa sababu mvua tatu hazitoshi kutenganisha mvua na ndege. Afadhali watu wanne wanaopanda Jumamosi moja kwa wiki kwa miaka ishirini kuliko arobaini wanaopanda kila siku kwa misimu miwili, wakapigwa picha, wakaondoka.

Na wasianze Oktoba, wakati kila mtu ana hamu ya kumwona tai wa kwanza. Waanze Julai. Mwezi huo wageni wa Ulaya na Asia karibu wote wako makwao wanalea vifaranga, na walioko juu ya Mkolani ni wa bara hili. Wawahesabu hao kwanza, wazoee mdomo wa njano na mkia wenye panda, wajue mwewe wangapi huamkia kwenye mawe yale kila asubuhi, ili Oktoba ikifika waweze kusema yupi ni mgeni.